Umekufa wa Kwanza, Bado Kumi na Mmoja

Binadamu ana jozi kumi na mbili za mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo wenyewe na kwenda machoni, masikioni, usoni, kooni, na mmoja wenye kiherehere unashuka mpaka tumboni. Nilikuwa naijua yote kwa namba na kwa jina, na nilikuwa naisema hata kama hujaniuliza. Kwa hiyo nikiri mapema: mtu aliyeutangazia ukoo wetu kwamba shangazi amerukwa na akili ni mimi. Na nilitangaza kwa nia njema kabisa.

Nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo cha utabibu Mbeya. Mishipa hiyo tuliikariri kwa sentensi ya Kiingereza ambayo kila neno lake linaanza na herufi ya mshipa mmoja. Sentensi yenyewe ni ya kihuni, siwezi kuiandika hapa, maana shangazi anaweza kuomba asomewe. Mwalimu wetu wa vitendo, mzee mmoja mwenye haraka, alitufundisha pia njia ya mkato. Wodini, alisema, hakuna anayepima mshipa wa kwanza, ule wa kunusa. Nani ana muda wa kuwanusisha wagonjwa kahawa? Unapima kuanzia wa pili, halafu unaandika kwenye faili: wa pili hadi wa kumi na mbili, salama. Tuliandika hivyo kwenye madaftari na kupigia mstari.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, Igowole, Mufindi, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mianzi nyuma yake. Alikuwa mjane tangu kabla sijaletwa kwake. Mumewe nilimjua kwa picha moja tu ya ukutani, amevaa koti, amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemkosea. Mimi nilipokwenda chuo shangazi alibaki peke yake, akigema ulanzi, pombe ya mianzi hiyo, wakati wa mvua, akilima mahindi na viazi, na Jumapili akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Hakuwa mtu wa kuumwa. Alikuwa mtu wa kuwatembelea wanaoumwa na kuwaeleza walikosea wapi.

Mwezi wa saba, asubuhi moja ya baridi ile inayofanya nyasi za Mufindi kuwa nyeupe, aliteleza njiani akitoka kuchota maji. Akaanguka chali, kisogo kikagonga mzizi. Akainuka, akaangalia kama kuna aliyemwona, akaenda nyumbani. Kichwa kilimuuma siku tatu. Siku ya nne maharage yaliungua jikoni naye amekaa hapo hapo anamenya viazi. Aliyekuja mbio kumwambia ni jirani wa ng'ambo ya bonde.

Akaenda zahanati. Pale akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwanangu, siku hizi sisikii." Muuguzi akamchungulia masikio, akayaosha. Wiki iliyofuata shangazi akarudi. "Bado sisikii." Wakamwosha tena, safari hii kwa bomba kubwa zaidi. Ndivyo lugha yetu ilivyo, harufu tunaisikia, na yeye aliona hakuna haja ya kutaja harufu, kwani masikio yake nani alimwambia ni mabovu? Alirudi nyumbani na masikio masafi kuliko yote Igowole. Alikuwa anasikia mpaka panya wakisengenyana darini, lakini chai kwake ilikuwa maji ya moto tu.

Nilipokuja likizo na kusikia habari hizo nilifurahi, Mungu anisamehe. Mshipa wa kwanza! Ule usiopimwa na mtu! Nikamfunga macho kwa kitenge, nikamsogezea kahawa, kitunguu, sabuni, mwisho mafuta ya taa.

"Nini hiki, shangazi?"

"Mkono wako. Unanigusa pua."

Nikamweleza kwamba juu ya pua kuna mfupa wenye vitundu kama chujio la chai, na nyuzi za ule mshipa zinapita humo. Ukianguka kisogo, ubongo unatikisika na nyuzi zinakatika. Akauliza kama zinaungika. Nikasema mara nyingine. Akauliza, na zisipoungika? Nikasema basi, mtu anazoea. Nililijibu hilo haraka haraka, kwa sababu kitabu nacho hakikuwa na maneno mengi hapo. Shangazi akaangalia mlango wa chumbani kwake. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari.

Nikampeleka Mbeya, hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa. Daktari wa masikio, pua na koo akasema yale yale niliyosema mimi, na hapo kichwa kilichovimba kikawa changu. Ubongo mzima, damu hakuna, ila mshipa wa kunusa umekatika, na kwa jinsi alivyoona hautarudi. Kwenye grupu la ukoo la WhatsApp watu walikuwa wanauliza tangu asubuhi. Nikakaa kwenye benchi nje ya kliniki, nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, nikasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye nilichezeshewa mara nyingi: "Ndugu zangu, tumepata majibu. Mshipa wa fahamu wa kwanza wa shangazi umekufa. Ila msiwe na wasiwasi, iko kumi na miwili."

Chuoni wenzangu husema neva, yakaisha. Mimi nilitaka ukoo unielewe, nikatumia Kiswahili, na kwa Kiswahili fahamu ni akili. Aliyepoteza fahamu amezimia, na asiye na fahamu hapewi kiberiti. Halafu nikasema wa kwanza! Kwetu wa kwanza ni mkubwa: mtoto wa kwanza, mke wa kwanza. Nani angejua kwamba wataalamu waliohesabu mishipa hiyo walianzia tu mbele ya ubongo wakaenda nyuma?

Dakika tano hazikupita. Binamu wa Dar alituma vikatuni vya kulia, mstari mzima. Mwingine akaandika, "Mungu amlindie hiyo kumi na mmoja iliyobaki." Mwingine, ambaye kawaida husoma ujumbe wa mwisho tu, aliuliza mazishi ni lini. Marehemu mwenyewe alikuwa pembeni yangu kwenye benchi anakula ndizi, analalamika kwamba ndizi za Tukuyu siku hizi hazina kitu.

Nikajaribu kurekebisha. Niliandika, "Jamani, fahamu anazo zote, ni mshipa tu." Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana mshipa kwa watu wetu ni ngiri, ugonjwa wa wanaume, na mzee mmoja wa Makambako akauliza, kwa adabu zote, mwanamke anaupataje mshipa. Nikaandika tena. Kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunipa pole, na mmoja akanisifu kwa ujasiri wangu wakati huu mgumu. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa changu.

Baba mdogo hakuandika kitu, alipiga simu. Yeye ni mdogo wake shangazi, mstaafu, anaishi mjini, Kihesa, na tangu baba yangu afariki ndiye mkuu wa ukoo. "Daktari," akaniita, ingawa nilikuwa na mwaka mzima na mitihani yake kabla ya hapo, "dada yangu hawezi kukaa peke yake bila fahamu. Chumba kipo. Godoro nimeshanunua." Nikamwambia siyo hivyo. Akaniambia anaelewa uchungu wangu. Kikao kitafanyika Igowole, Jumamosi ya wiki ya pili kutoka siku hiyo, na kikishaisha shangazi atapanda gari na sanduku lake, nyumba itafungwa, na mianzi itakuwa chini ya uangalizi. Hakusema uangalizi wa nani.

Nilimweleza shangazi siku ile ile. Nilitegemea atalia. Aliweka ganda la ndizi kwenye mfuko, akafuta vidole.

"Kihesa siendi."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwangu nitatoka nimebebwa. Na wewe ndiye uliyeniua kwenye simu, wewe ndiye utakayenifufua. Sijui utafanyaje."

Hata mimi sikujua. Nilirudi darasani, yeye akarudi Igowole, na huko habari ilikuwa imeshafika kabla yake. Watu walikuwa wanahesabu. Akichelewa kuitikia hodi, "Wa pili huo." Akimwita mtoto wa jirani kwa jina la kaka yake, jambo ambalo amelifanya tangu watoto hao wazaliwe, "Mh, wa tatu." Wateja wake wa viazi walianza kusema naye polepole na kwa sauti ya juu. Kwenye kwaya wakamwomba apumzike kwanza, na sauti ya pili ikapewa mwanamke ambaye, kwa maelezo ya shangazi, hana hata ya kwanza. Alikuwa ananisimulia haya kwa simu kila jioni na anacheka, lakini siku aliponiambia habari ya kwaya hakucheka. Nililia bafuni hosteli, bomba likiwa wazi ili wenzangu wasisikie.

Jumamosi hiyo nilitoka Mbeya alfajiri, nikashuka Nyololo, nikachukua bodaboda mpaka Igowole. Sebule ilikuwa imejaa. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti cha mbele, suti ya kijivu, miwani mfukoni. "Kamwene," nikawasalimu, wakaitikia kwa sauti ya msibani. Akafungua kwa sala, akamwombea mgonjwa wetu ambaye hawezi tena kujiombea. Mgonjwa wetu alikuwa anapita na birika, anawamiminia chai, na alisimama akafumba macho mpaka amina, kisha akaendelea na kikombe kilichofuata.

Baba mdogo alisema vizuri, sitamdhulumu. Alisema damu ni damu. Alisema hakuna anayetaka kumnyang'anya mtu kitu. Nilikasirika, na hasira nyingi ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu kila alichokisema kilianza na "kama daktari wetu alivyotuambia". Na cha ajabu, hoja ya kweli ilikuwepo: mtu asiyesikia harufu ya moshi anaishi peke yake na jiko la kuni. Hakuna aliyeitaja. Wote walikuwa wameshikilia akili. Mimi hoja hiyo niliijua, nikaimeza pamoja na chai.

Nikasimama. "Baba mdogo, naomba ruhusa nimpime shangazi mbele yenu, mshipa mmoja mmoja."

"Utapima fahamu kwa macho?"

"Na kwa pamba kidogo."

Shangazi akaweka birika chini, akakaa kwenye kigoda katikati ya sebule, mikono magotini. Nilikuwa nimewahi kufanya mtihani huo mbele ya walimu wawili, lakini sikuwahi kuogopa kama siku hiyo. Nikaanza na wa pili, wa kuona. Nikampa kitabu cha nyimbo, akasoma bila miwani, halafu akaimba ubeti mzima, sauti ya pili, na wanawake wawili wa kwaya waliokuwa dirishani wakainamisha vichwa. Wa tatu, wa nne na wa sita ni ya kuzungusha macho. Nilimwambia afuate kalamu yangu bila kugeuza kichwa, akaifuata huku na huko mpaka kalamu ikachoka. Kwa wa tano nilimgusisha pamba mashavuni na kumwambia aume meno. Kwa wa saba nikasema, "Pandisha nyusi, fumba macho kwa nguvu, sasa nionyeshe meno." Meno alimwonyesha baba mdogo.

Wa nane ni wa kusikia. Nikasimama nyuma yake hatua tatu, nikanong'ona, "Godoro."

"Godoro," akajibu. "Nimesikia ni jipya."

Watu wakacheka. Baba mdogo akainama mbele. "Eeh? Amesema nini?"

Sikupanga, naapa. Kimbelembele changu ndicho kilichopanga. Nikamwomba, kwa heshima zote, tumlinganishe na mtu mzima mwenye fahamu zake, naye akakubali, maana alisikia sehemu ya heshima. Akageuka. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikanong'ona, "Mianzi." Kimya. Nikarudia, kwa nguvu kidogo. Kimya. Sebule nzima ilikuwa imesikia.

"Anza basi," akasema baba mdogo.

Kwenye benchi la ukutani mzee mmoja aliyekuwa anahesabu kwa vidole tangu mwanzo akakohoa. "Jamani, huyu naye wa nane umekufa. Bado kumi na mmoja."

"Sare hiyo!" kijana mmoja akadakia.

"Basi tuhamie wote Kihesa," akasema shangazi, na hapo kikao kilitaka kunivunjikia mkononi kwa kicheko.

Nilimalizia haraka. Wa tisa na wa kumi, alisema aaa, akameza maji bila kupaliwa. Wa kumi na moja, nilimkandamiza mabega kwa mikono miwili nikamwambia ayainue. Akayainua, na mimi karibu niinuke nayo, kwa sababu mabega hayo yamebeba kuni tangu sijazaliwa. Ukabaki wa kumi na mbili.

"Toa ulimi, shangazi."

Akaniangalia. Mtu mzima kumtolea mwenzake ulimi ni tusi, hata mtoto anachapwa. "Hapa? Mbele za watu?"

"Ndiyo kipimo chenyewe."

Akageuka taratibu kwenye kigoda mpaka akawa ana kwa ana na mdogo wake. Ulimi ukatoka wote, umenyooka, haujapinda kulia wala kushoto, na ukakaa nje kwa muda mrefu kuliko utabibu unavyohitaji.

Nikatangaza kwa sauti, ili baba mdogo naye asikie: "Wa pili hadi wa kumi na mbili, salama!"

Wakapiga makofi. Baba mdogo akatoa miwani, akaivaa, akamtazama dada yake kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Halafu naye akacheka, kicheko cha mtu aliyewahi kutolewa ulimi huo huo udogoni. "Abaki," akasema. Alikula, akanywa chai, akaondoka na gari tupu. Godoro alilituma baadaye na ndilo ninalolalia nikienda. Ile hoja niliyoimeza niliitapika mwenyewe kwa jirani wa ng'ambo ya bonde, tukakubaliana kwamba akisikia kitu kinaungua apige kelele.

Wageni walipoisha ilikuwa saa tisa hivi, jua bado liko juu ya mianzi. Nilikuwa nimekaa kizingitini najisikia daktari. Shangazi akaniita chumbani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati.

"Katika mishipa yako yote, kuna mmoja hukunipima leo."

"Wa kwanza? Ule si umekufa, shangazi. Kwanza hata hospitali huwa tunauruka."

"Mnauruka," akasema. "Mimi huo ndio nilikuwa nautumia."

Akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani kulikuwa na koti, lile la kwenye picha. Akaniambia kwamba kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa analifungua, ananusa mara moja tu ili lisiishe, anafunga. Miaka yote hiyo niliyoishi kwenye nyumba ile sikuwahi kujua. Tangu siku ya kuanguka analifungua na hakuna mtu ndani.

"Unafikiri nilikataa Kihesa kwa sababu ya mianzi? Mke wa mdogo wangu ni msafi mno. Siku ya kwanza tu angelifua hili." Akanisogezea. "Pua yako ni nzima. Ninusie. Bado yupo?"

Nikaingiza uso kwenye koti. Nilinusa kola, nikanusa makwapa, nikanusa ndani ya mfuko. Kulikuwa na harufu ya nailoni na ya dawa ya nondo. Nilivuta pumzi tena, na tena, kwa sababu nilijua nikiinua uso nitatakiwa kusema.

"Yupo," nikasema.

"Ananukaje?"

"Jasho. Na tumbaku kidogo."

Alinitazama kwa yale macho yaliyofuata kalamu.

"Mume wangu hakuvuta tumbaku hata siku moja. Hata moshi wa kuni ulikuwa unamkohoza."

Nilitaka kuomba radhi, lakini ya lipi kwanza? Shangazi akachukua koti, akalikung'uta mara mbili, akatoka nalo uani. Akaniagiza beseni na sabuni ya mche. Alilifua mwenyewe, alinikataza kusaidia, akalisuuza maji mawili, akalianika kwenye kamba karibu na mianzi.

"Likikauka uende nalo," akasema. "Mbeya kuna baridi."

Ninalivaa mpaka leo, wodini, juu ya shati. Mara ya kwanza nilipolivaa alinipigia simu jioni, akauliza kama linanitosha. Nikasema mikono ni mirefu kidogo.

"Na sasa linanuka nini?"

"Sabuni, shangazi."

"Haya," akasema. "Leo umesema kweli."